Kigomasha, Nungwi au Chumbe: mnara upi wa taa uuendee, na siku gani ya mwezi

Kabla hujauliza uende mnara upi, uliza leo mwezi ngapi. Siyo Julai wala Agosti, bali mwezi wa kuandama. Minara mitatu tunayoilinganisha hapa ni Ras Kigomasha iliyo ncha ya kaskazini-magharibi ya Pemba, Ras Nungwi iliyo ncha ya kaskazini ya Unguja, na kisiwa cha Chumbe kilichopo kusini ya Mjini, yaani mji wa Zanzibar. Pwani ya kutembea kuizunguka ni njia kwa nusu ya siku tu, nusu nyingine ni bahari. Anayesoma ramani bila kusoma maji hufika katikati ya safari akakuta mwamba mbele, maji kiunoni na jua la saa saba kichwani.

Maji kwanza

Pwani yetu maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili katika muda wa saa 24 na dakika 50 hivi, kwa hiyo kila siku kupwa huchelewa kwa wastani wa dakika 50. Kinachomfaa mtembeaji ni kwamba saa za maji zimefungamana na tarehe za mwezi. Mwezi 1 hadi 4, na tena 15 hadi 18, ni bamvua. Maji hupwa sana kati ya saa 4 asubuhi na saa 6 mchana, kisha hujaa sana kuanzia saa 10 jioni. Baina ya kujaa na kupwa kuna tofauti inayofikia mita 4 hivi. Mwezi 8 na 9, na 22 na 23, ni maji mafu. Tofauti hushuka ikabaki mita moja na kidogo, na kupwa kwa mchana huangukia saa 10 jioni. Kati ya hapo kuna siku ambazo wengi hawazifikirii, nazo ni mwezi 12 hadi 14 na 27 hadi 29. Maji hupwa kati ya saa 1 na saa 4 asubuhi, jua bado changa na mchanga bado wa baridi. Anayelala karibu na njia yake hana siku bora kuliko hizo.

Haya ni makadirio ya kupangia safari. Dakika kamili zitafute kwenye jedwali la maji la bandari ya Zanzibar, kisha umuulize mvuvi yeyote utakayemkuta ufukweni asubuhi hiyo, maana upepo mkali wa kutoka baharini huyasukuma maji yakapanda kuliko jedwali linavyosema.

Jambo la pili ni mwendo wa maji yenyewe. Hayapandi sawasawa. Chukua tofauti ya mita 4 uigawe mafungu 12. Saa ya kwanza baada ya kupwa hupanda fungu 1, ya pili mafungu 2, ya tatu na ya nne mafungu 3 kila moja, ya tano 2, ya sita 1. Yaani saa ya kwanza ni sentimita 33 tu, na hapo ndipo mtu anapodanganyika kwamba nafasi bado ipo. Saa ya tatu na ya nne ni mita nzima kwa kila saa. Kwenye ufukwe wa mteremko mdogo, mita moja ya kina ni makumi ya mita za mchanga zilizomezwa.

Njia iliyo chini ya mguu

Kigomasha ndiyo safari ya miguu hasa. Njia nzuri zaidi inaanzia Vumawimbi, ufukwe wa upande wa mashariki wa rasi, na jina lake limeshakwambia mawimbi ya huko yakoje. Ni mchanga mweupe uliopinda kwa muda mrefu, watu wachache sana, na kivuli ni kile cha vichaka vya ukingoni tu. Tembea chini, karibu na maji, pale mchanga ulipo mbichi na mgumu. Kwenye mchanga huo kadiria kilomita 4 kwa saa. Juu, kwenye mchanga mkavu unaomeza kisigino, utaambulia kilomita 2 na nusu kwa jasho maradufu. Kwenye mawe usijidanganye, ni kilomita 1 na nusu.

Na mawe yapo. Mchanga unapoisha kunaanza mwamba wa matumbawe ya kale, uliolika chini kwa mawimbi hadi ukatoka mbele kama upenu wa nyumba. Maji yakiwa yamepwa unapita mbele ya upenu huo, juu ya mchanga na mawe ya bapa yenye majani ya baharini. Maji yakijaa, bahari inaingia chini ya upenu na hakuna pa kuweka mguu. Kupanda juu si suluhisho: uso wa mwamba huo ni ncha tupu, kama vile mtu amemwaga vipande vya chupa kwenye zege mbichi. Ukiteleza ukashika kwa kiganja, kiganja kinachanika.

Kosa la kawaida kwenye njia hii ni kuondoka saa ile maji yanapokuwa yamepwa kabisa. Hapo umeshakula nusu ya nafasi yako. Ondoka saa mbili kabla ya kupwa, maji yakiwa yanapungua na kukufungulia njia. Siku ya bamvua ambayo maji hupwa saa 4, anza saa 2 asubuhi, na saa 6 mchana uwe umeshavuka mwamba kurudi. Ukichelewa hapo, usirudi pwani kabisa. Rudi kwa barabara ya udongo inayotoka mnarani kupitia Makangale. Ni ndefu na ina vumbi, lakini haimezwi na maji.

Nungwi ni jambo jingine. Njia ya kawaida huanzia Kendwa, ikafuata pwani ya magharibi kuelekea kaskazini. Ni kilomita 3 hivi hadi Nungwi, kisha unapita mbele ya kijiji hadi ncha penye mnara. Katikati ya Kendwa na Nungwi nako kuna miamba inayoziba njia maji yakijaa, ila tofauti yake na Kigomasha ni kubwa: hapa ukifungiwa na maji unapanda hadi barabarani kupitia hoteli au vichochoro, unanunua maji ya kunywa, unaendelea. Kosa la Nungwi linakugharimu nusu saa. Kosa la Kigomasha linakugharimu mchana mzima, na ngozi ya magoti.

Nungwi ina kitu ambacho njia nyingine hazina, nacho ni ufukwe wa mafundi wa vyombo kabla ya kufika nchani. Majahazi na mashua hujengwa hapo mchangani, wazi, na kazi unaiona hatua kwa hatua. Chombo kimoja kimesimama mifupa mitupu, kingine kimeshavikwa mbao, cha tatu kinapigwa kalafati: fundi anachukua pamba iliyoloa mafuta, anaiviringa iwe kama utambi, anaipanga kwenye mwanya wa mbao mbili na kuishindilia kwa patasi na nyundo, pigo baada ya pigo, hadi mlio ubadilike. Mlio ukiwa mzito, mwanya umeshiba. Simama kando, salimia kwanza, na usipige picha ya mtu kazini bila kumwomba.

Chumbe huendi kwa miguu. Unakwenda kwa boti kutoka Mbweni, chini kidogo ya saa moja, halafu unatembea ndani ya kisiwa chenye urefu wa kilomita 1 hivi na upana wa mita 300 pale kinapotanuka. Anayetafuta kuchoka miguu asiende Chumbe. Lakini kwa mita zile chache kuna mengi kuliko kilomita zote za Kendwa. Njia za msituni zinapita juu ya mwamba wa matumbawe, mizizi ya miti imeshika jiwe lisilo na udongo, na kwenye jiwe lenyewe unaona makombe makubwa ya chaza waliokufa zamani, wakati kisiwa hicho kilipokuwa chini ya bahari. Kuna kaa wakubwa wanaopasua nazi kwa magando. Hutembei peke yako, mwongozaji anakuwa nawe, na ndivyo inavyotakiwa kuwa: upande wa magharibi wa kisiwa ni hifadhi ya matumbawe iliyotangazwa mwaka 1994, hakuna kuvua na hakuna kukanyaga ovyo.

Mnara wenyewe

Kwa wanaotaka kupanda, mpangilio uko wazi: Chumbe kwa uhakika, Kigomasha kwa ruhusa, Nungwi usitegemee.

Mnara wa Chumbe ulijengwa mwaka 1904, na mwaka 1926 taa yake ikawekewa mtambo wa gesi. Una ngazi 131. Unawaongoza wanaoingia bandari ya Unguja kutoka kusini, na aliyewahi kupanda boti ya Dar es Salaam kwenda Unguja ameshauona hata kama hakujua jina lake. Chini yake upo msikiti mdogo uliojengwa kwa ajili ya waliokuwa wakiitunza taa, na nyumba ya mtunza taa imefufuliwa ikawa mahali pa kupokea wageni. Hapo ndipo historia ya kazi ya taa inaposomeka vizuri: mnara, nyumba na mahali pa kusali, vyote ndani ya mita chache, kwenye kisiwa kisicho na tone la maji baridi isipokuwa ya mvua.

Kigomasha ni wa mwaka 1900, wakati wa Waingereza, nao ni wa chuma. Chuma pwani ni uamuzi wenye gharama yake. Hufika kimeshakatwa kikaungwa haraka mahali pasipo mawe mazuri wala mafundi wengi, lakini chumvi haikipi likizo, na kisipopakwa rangi kwa wakati kutu huanzia kwenye maungio. Ukipata ruhusa ya kupanda, panda mmoja mmoja, mikono yote miwili iwe huru, mfuko uwe mgongoni. Ngazi ni nyembamba. Anayekuongoza kupanda mpe chochote cha mkononi, na hicho ukikubaliane naye chini, siyo juu.

Huko juu ndiko Kigomasha inapoishinda minara mingine, na hili ninalisema bila kusita. Mtu aliyesimama mita 25 juu ya bahari anauona upeo wa kilomita 18 hivi pande zote. Magharibi, rangi ya maji inageuka ghafla kutoka kijani cha kina kifupi kuwa buluu nzito karibu kabisa na nchi, kwa sababu mkondo wa Pemba unashuka mamia ya mita bila kungoja. Mashariki, Vumawimbi imelala kama upinde. Kusini ni kijani cha msitu wa Ngezi. Unaelewa papo hapo kwa nini taa iliwekwa hapa: nahodha anayetoka kaskazini usiku hana onyo jingine la kumwambia kwamba kina kinaisha.

Nungwi una mnara mkongwe kuliko hii miwili, wa karne ya 19, lakini huo ni wa kutazama kutoka nje. Usipige picha kabla ya kuuliza. Fidia yake iko jirani, Mnarani, mtaa uliopata jina kutokana na taa hiyo hiyo. Kuna bwawa la asili ndani ya mwamba ambalo bahari hulijaza na kulipunguza kupitia nyufa za matumbawe, na tangu mwaka 1993 wanakijiji wanalitumia kutunza kasa. Kwa watoto wadogo, bwawa hilo lina thamani kuliko mnara wowote. Kiingilio kipo. Msiwashike wala kuwabeba kasa, na mikono yenye mafuta ya jua isiingie majini.

Upepo na majira

Wakati wa kusi, upepo wa kutoka kusini, tuseme Juni hadi Septemba, hewa ni ya baridi kidogo na kutembea ni raha, lakini pwani za mashariki hupigwa. Vumawimbi huwa na mawimbi na mchanga unaorushwa usoni, na sehemu ya mwamba huwa na maji yanayorukia juu hata saa ya kupwa. Siku kama hiyo bora ukaribie Kigomasha kwa upande wa magharibi, kupitia Panga ya Watoro, ambako nchi yenyewe inakukinga. Kendwa hadi Nungwi, kwa kuwa iko magharibi, haisumbuliwi sana na kusi. Boti ya Chumbe inaweza kukulowesha, na siku ya upepo mkali safari huahirishwa. Usiweke Chumbe siku ya mwisho kabla ya ndege.

Kaskazi, upepo wa kutoka kaskazini, Desemba hadi Machi, hugeuza hesabu. Ncha za Nungwi na Kigomasha zote zinatazama kaskazini na hupokea wimbi uso kwa uso. Joto pia hupanda sana, na hapo ndipo zile tarehe za kupwa asubuhi mapema zinapokuwa muhimu kuliko kitu kingine. Masika, kuanzia mwishoni mwa Machi hadi Mei, barabara ya udongo ya Kigomasha hugeuka tope na pikipiki huteleza. Ukilazimika kwenda wakati huo, nenda Nungwi, kote kuna pa kujikinga.

Kufika, na mfuko

Nungwi ndiyo nafuu. Daladala nambari 116 inakutoa Mjini hadi Nungwi, panga saa mbili kwa sababu ya vituo, na unaweza kwenda na kurudi siku hiyo hiyo. Ila kama unaanzia Kendwa, mwambie kondakta mapema akushushe njia panda ya Kendwa, kisha ushuke kwa miguu au kwa bodaboda hadi ufukweni.

Kigomasha ni safari ya kulala. Kutoka Unguja unakwenda kwa boti hadi Mkoani au kwa ndege hadi Chake Chake, kisha daladala hadi Konde, kisha bodaboda. Boti inakushusha kusini na mnara uko ncha ya kaskazini, kisiwa kizima kiko katikati. Barabara ya baada ya Konde inakata msitu wa Ngezi, wenye hekta 1,440. Ukitaka kuingia njia za msituni unalipia getini na unapewa mwongozaji. Usiuruke. Popo wa Pemba, mkubwa mwenye manyoya mekundu kahawia, hapatikani porini popote duniani isipokuwa kisiwa hiki. Pesa taslimu toa Chake au Wete, ndogondogo, kwa sababu mbele ya Konde noti kubwa haina chenji. Na mwendesha bodaboda anayekupeleka Vumawimbi mkubaliane akufuate mnarani saa fulani, umlipe nusu mwanzo na nusu mwisho. Kumtafuta mwingine kule ncha, saa nane mchana, ni kazi.

Chumbe ndiyo ghali kuliko zote, na lazima uweke nafasi mapema kwani idadi ya wageni kwa siku ni ndogo. Ulizia bei ya wakazi kama una kitambulisho. Pesa hiyo inajumuisha boti, mwongozaji na chakula, na inasaidia kulinda hifadhi, kwa hiyo mimi siioni kuwa imepotea bure. Chagua tarehe kwa unachotaka: bamvua kwa kutembea juu ya miamba iliyofunuliwa na maji asubuhi, maji mafu kwa kuogelea kutazama matumbawe, kwa kuwa mkondo hupungua nguvu na maji huwa meupe zaidi.

Vya kubeba, na nani aende wapi

Viatu vimeharibu safari nyingi kuliko mvua. Ndala hukatika kamba mchangani na husaliti kwenye jiwe lenye ute. Raba za kukimbilia zikijaa mchanga mbichi zinatoa malengelenge ndani ya kilomita mbili. Yeboyebo za kufunga kisigino, zile za plastiki za bei ndogo, ndizo zinazofaa kwa Kigomasha na Nungwi, kwa sababu hazinywi maji na zinakinga na wale viumbe wa miiba mirefu myeusi wanaojificha kwenye mashimo ya mawe. Ukichomwa, usikamue wala usichimbe kwa sindano, mwiba huo huvunjika vipande. Loweka mguu kwenye maji ya moto unayoweza kuyavumilia. Uliobaki ndani sana, au wa kwenye kiungo, ni kazi ya kituo cha afya.

Maji ya kunywa: lita 1 na nusu kwa mtu Nungwi, lita 3 Kigomasha, maana njiani hununui. Kanga au kikoi kimoja kwa kila mtu, cha kujifunika jua na cha kupitia kijijini kwa heshima. Ukikutana na kamba za mwani kwenye maji mafupi, zunguka. Ile ni shamba la mtu, na mara nyingi ni la mama aliyeinama hapo tangu alfajiri.

Wenye watoto chini ya miaka kumi, au mzee mwenye magoti mabovu, waende Nungwi siku ya maji mafu. Waanze saa 9 alasiri kwa kuwa maji hupwa saa 10, wapite kwa mafundi wa vyombo, na jua la kuchwa liwakute karibu na mnara. Mtu wa historia na viumbe, mwenye akiba, aende Chumbe. Anayetaka kutembea kweli, mwenye siku tatu za kutumia, Kigomasha. Alale Konde au karibu zaidi, achague mwezi 13, awe Vumawimbi jua likichomoza. Maji yatakuwa yanapungua, mchanga mgumu chini ya mguu, na kabla ya saa 3 atakuwa juu ya mnara wa chuma. Akiuona upande wa magharibi umeanza kupata mistari myeupe juu ya miamba, ashuke. Bahari imeanza kurudi, na njia yake sasa ni ile ya Makangale.